Kutoka Tano Kwenda Tatu

Asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilikuwa nakagua batri. Nilichuchumaa nyuma ya kiti cha baba, nikafungua vifuniko vyake sita, nikachungulia kama maji yamefunika mabati ya ndani, kisha nikapangusa ule unga wa kijani unaoota kwenye vichwa vya nyaya. Unga ule haukuwa na haya. Ukiufuta Jumatatu, Alhamisi umerudi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina mume, mwalimu wa darasa la tatu ambaye mshahara wake ulikuwa umegeuka hadithi, na kazi yangu ya kweli ilikuwa kulea sanduku la chuma lililokaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwetu.

Sanduku hilo tuliliita foni. Ilikuwa redio ya kuzungumzia na miji ya mbali: ukibonyeza kitufe cha kisemeo unasema, ukikiachia unasikiliza. Simu za waya zilikuwa zimekufa Likasi nzima, mji wetu wa migodi, na barua uliyompa msafiri ulimpa kwa imani tu. Baba alikuwa fundi wa redio katika kampuni ya migodi. Kampuni ilipoanza kuzama na mishahara kusimama, karakana yake ilifungwa, naye akaruhusiwa kuondoka na foni moja kuukuu iliyokuwa imewekwa kando. Aliileta mpaka kambi yetu ya wafanyakazi, kule Panda, juu ya mkokoteni wa kukodi, ameifunika kwa blanketi. Aliikarabati mwezi mzima. Siku ilipoitikia sauti kutoka Kamina, mama alipiga kigelegele kimoja, akarudi jikoni kugeuza bukari, ugali wetu.

Ndani ya foni ile mlikuwa na kanali nane, yaani njia nane za kusemea, na kila kanali baba aliipangia mawimbi yake mwenyewe, kwa bisibisi nyembamba na uvumilivu ambao mimi sikuurithi. Kulikuwa na kanali zilizosikika vizuri asubuhi, nyingine jua likishainama. Kanali tatu ndiyo ilikuwa ya nyumbani. Ukitaka kubadili, ulizungusha kitasa cha mviringo, nacho kilipokea kila namba kwa mlio mdogo mkavu, tak. Kulikuwa pia na namba ya siri ya kufunga kanali, ili mgeni asije akazungusha ovyo na kuharibu mpango. Namba hiyo tuliijua watu wawili, baba na mimi.

Kilichosemwa kwenye foni kilisikiwa na kila mwenye foni iliyofunguliwa kwenye mawimbi yaleyale, kutoka Kolwezi mpaka Kasai. Kwa hiyo watu hawakutajana majina. Kila nyumba ilijipa jina la kitu cha ndani: palikuwa na Sufuria, palikuwa na Kikapu, palikuwa na nyumba moja ya Kamina iliyojiita Godoro na haikuchekesha mtu tena baada ya wiki ya kwanza. Sisi tulikuwa Kinu. Na kulikuwa na sheria moja ambayo baba aliisema kwa kila aliyegusa kile kisemeo, hata mapadri.

"Hapa nyumba moja haiingie mu chumba ya nyumba ingine," alisema. "Ukisikia banaita Sufuria, na weye hauko Sufuria, funga kinywa."

Bila sheria hiyo hewa ingekuwa soko. Watu waliishika sana. Ungeweza kusikia mtu anamlilia mkewe, wewe umeketi mita mbili kutoka kwenye kisemeo, na ukakaa kimya kama hukusikia neno. Ndiyo ilikuwa adabu yetu, nami nilijivunia kuijua.

Kisha macho ya baba yakaingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Daktari wa kumpasua alikuwa Lubumbashi, na miaka ile hatukuwa na namna ya kumfikisha kwake. Hivyo kazi ikawa yangu. Alinifundisha kwa kunishika mikono: maji yaliyochujwa kwenye batri, yasizidi mstari, maji ya moto na magadi kwa ule unga wa kijani, waya wa antena uangaliwe kila baada ya mvua, maana ulitoka kwenye nguzo ya mkaratusi mbele ya nyumba mpaka bomba la moshi la jikoni, na kiungo cha katikati kilipenda kunywa maji. Ukibonyeza kusema, mshale kwenye kioo kidogo usipande kupita nusu. Ukipanda, antena ina kasoro, acha kusema, panda ngazi. Nimepanda ngazi ile na gauni la shule mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Umeme ulipokatika siku tatu mfululizo, batri ilienda kuchajiwa parokiani. Ilikuwa nzito, na asidi yake ilinitoboa sketi mbili. Lakini si batri iliyonichosha. Walinichosha watu. Kambi nzima ilikuwa na ndugu mahali, na kila ndugu alikuwa na ugonjwa, harusi, kilio au maneno. Walifika kabla sijatoka shuleni, wakaketi kwenye viti vyetu vyote, kwenye mkeka, kwenye kizingiti, wakasubiri zamu, wakanywa maji yetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu wageni walifika kila siku na jembe nilishika mimi. Niliwafundisha watu wazima mara kumi kwamba ukisema, bonyeza, ukimaliza, achia. Walisahau kuachia, wakalalamika kwamba ndugu yao hajibu. Nilikuwa nawaambia kwa upole. Baadaye niliwaambia kwa meno. Mama alisema nina ulimi wa pilipili, na alisema kweli.

Mtu mmoja tu ndiye aliyefanya foni ile ituhusu sisi wenyewe. Yaya yangu, dada mkubwa, aliolewa na mwanamume wa asili ya Kasai, mhasibu mpole aliyezaliwa hapahapa Likasi. Miaka ile watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, mkoa wetu. Familia nzima zililala stesheni wiki na wiki zikingoja treni, na majirani waliokula nao wakajifanya hawawaoni. Yaya aliondoka na mumewe. Mama na mimi tulikwenda kumuaga. Baba hakwenda. Alisema ana kazi ya antena. Antena haikuwa na kitu. Mpaka leo sijui kama aliona aibu, au hofu, au kama hakutaka bintiye amwone akilia, lakini najua yaya aliangalia nyuma yetu mara tatu kumtafuta kabla treni haijaondoka.

Baba alimpa jina la hewani kupitia kwangu. Kama sisi ni Kinu, alisema, yeye awe Muchi, yule mti wa kutwangia. Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza yaya alikwenda kwenye foni ya mtu sokoni kwao, na sisi tukakaa tumezunguka kabati la vyombo. "Kinu, Kinu, hapa Muchi." Mama alijibu kila mara kwa sauti kubwa kupita kiasi, kana kwamba anamwita ng'ambo ya mto.

Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kule. Alipobeba ya tatu, alisema jambo ambalo mama aliliweka moyoni.

"Mama, hii nitakuya kuzalia kwako. Zile zilinipotea ku mikono ya bantu bengine. Ikifika mwezi ya saba nitapanda treni. Nitaita, munifwate."

"Kuya," mama alisema. "Kuya, mwana wangu." Toka siku hiyo alianza kukusanya vitambaa, akavifua, akavipasi kwa pasi ya makaa, akavikunja ndani ya beseni chini ya kitanda.

Wakati huohuo kanali tatu iliharibika, si kwa kasoro ya chombo, bali kwa wingi wa watu. Mgodi ulipolala, vijana na wazee waliingia mashimoni wenyewe, Shinkolobwe, Kamatanda, popote palipokuwa na jiwe lenye rangi. Wanunuzi wa mawe wakanunua foni zao, wakaangukia mawimbi yaleyale yetu. Kutwa ilikuwa magunia, lori, magunia, matusi. Ungekuwa unamsikiliza mama wa watu akieleza homa ya mjukuu, sauti ya mwanamume ikaingia juu yake ikiuliza kama mzigo umepita daraja. Adabu ile ya baba hawa waliishika nusu: hawakujibu wito usio wao, lakini hawakumpisha mtu.

Nilimwambia baba tuhame. Alifikiri siku mbili, akakubali. Tukapanga mawimbi mapya kwenye kanali tano, yeye akisema, mimi nikizungusha bisibisi, tukazijulisha nyumba zote marafiki. Zikahama pamoja nasi. Lakini baba alikuwa na namna yake ya kuhama.

"Usibebe matandiko yote siku moja," aliniambia. "Acha muntu kwa nyumba ya zamani. Kila saa, dakika kumi, rudia ku tatu, usikilize. Miezi mbili. Kisha njo tutaifunga. Na ile daftari yako, kama mutu hayakurudilia namba na kinywa yake mwenyewe, usiandike kama anajua."

Nilikuwa na daftari la shule, lenye orodha ya nyumba zote, na mbele ya kila moja niliweka alama ya vema, kama ninavyowawekea wanafunzi. Sufuria, vema. Kikapu, vema. Godoro, vema. Mbele ya Muchi sikuweza, kwa kuwa Jumapili mbili mfululizo wanunuzi wa mawe walimfunika kabisa, tukasikia tu kipande cha sauti yake. Basi nilimpa ujumbe mwenye foni wa misheni moja kule Kasai, mtu mwema, akasema atautuma sokoni kwa mtu anayekwenda. Nilimshukuru. Nikashika kalamu, nikaandika vema mbele ya Muchi. Nilikuwa nimechoka, nilitaka ukurasa ule ufungwe.

Na zile dakika kumi za kila saa? Nilizifanya siku tisa. Mnisamehe, nasema siku tisa kwa sababu ni siku tisa. Nilitoka shuleni nimesimama tangu asubuhi mbele ya watoto sabini wenye njaa kama mimi, nikakuta sebule imejaa, nikahudumia foleni, na kila saa nilitakiwa nimwondoe mtu kwenye kisemeo ili nisikilize matusi ya magunia kwa dakika kumi. Siku ya kumi sikuzungusha. Siku ya kumi na moja nilifunga kanali tatu kwa namba ya siri, maana watoto wa jirani walikuwa wanaizungusha kwa siri ili wajifunze yale matusi.

Baba alikuwa anauliza kila machweo, kutoka kwenye kiti chake, uso umeelekea dirishani. "Ulisikiliza ku tatu?"

"Nilisikiliza, tata. Hakuna kintu."

Lilinitoka kwa urahisi, hilo ndilo linaloniuma. Halikuwa na uzito wowote kinywani.

Jumapili ya kwanza Muchi hakuita. Mama alisema labda amechoka na tumbo. Jumapili ya pili alisema labda batri yao. Ya tatu alibaki ameketi mbele ya kabati na nguo zake za kanisani mpaka jua likahama kutoka kwenye mkeka. Mimi nilikuwa na vema langu kwenye daftari, na mtu aliyeweka vema hujiamini. Niliwaza kwamba yaya anajua kanali tano, kwa hiyo kama haiti kwenye tano, haiti. Nilimwambia mama hivyo. Nilimweleza kama ninavyoeleza hesabu za kugawa.

Siku moja nilitoka uani nikamkuta amesimama mbele ya foni, kidole kiko karibu na kitasa.

"Mwana, nizungushe kidogo? Pengine eko anaita kwingine."

"Mama, usiguse. Utaharibisha mupango yote."

Akashusha mkono. Akapangusa kitasa kwa ncha ya kitenge, kana kwamba ndilo alilokuja kufanya, akatoka.

Mwanamume mmoja alikuja Jumanne, nimetoka tu shuleni. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi, nguo zote rangi ya udongo wa Kamatanda, hata kope. Alikuwa mtu wa umri, ndevu zina mvi. Kwanza nilidhani ni mteja mwingine, nikamwambia leo foleni imejaa.

"Hapana, mama. Natafuta nyumba ya Kinu. Niko nauliza hapa Panda tangu asubuhi. Nilianza kufwata antene tu, moya kwa moya."

"Hapa ni Kinu," nilisema. "Unatafuta nini?"

Alinitazama, akatazama chini. Alikuwa anashika foni ya mnunuzi wa mawe, ndiyo kazi yake, kwenye mawimbi yetu ya zamani. Alisema kuna mwanamke alikuwa akiita. Mara ya kwanza Jumapili, baada ya misa. Jumapili nyingine tena. Kisha kila siku, saa ileile.

"Kinu, Kinu, hapa Muchi," alisema, na akasema kwa sauti ya chini, kama anasoma kitu kitakatifu. "Alikuwa anaita, ananyamaza, anaita. Minye siko Kinu. Ningeitika je? Nilingoya benyewe baitike."

"Na sasa?"

"Sasa iko siku ine haite tena. Njo ile ilinileta. Kuita kwake nilizoea. Kunyamaza, hapana."

Nilimuuliza yuko wapi huyo mwanamke. Alisema Tenke, kwenye stesheni. Treni kutoka Kasai ilifika pale, kichwa cha treni kikatolewa kwenda kuvuta mzigo mwingine, mabehewa yakaachwa. Mwanamke alikuwa akisema miguu imevimba, hawezi lori, mtu amfuate. Alisema hivyo siku nyingi, kwa watu wote waliokuwa kwenye mawimbi yale, na wote walikuwa na adabu.

Mama alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akija. Hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na beseni la vitambaa kichwani, akauliza ni lori la nani linalokwenda Tenke leo.

Nilikwenda naye. Lori lilibeba chumvi na mafuta ya mawese, mvua ilikuwa imekula barabara, tukalala njiani tukafika kesho yake mchana. Yaya alikuwa kwenye nyumba ya mjane mmoja nyuma ya stesheni, ameketi kwenye kigoda kwenye kivuli cha ukuta, anachambua maharagwe ya watu. Miguu ilikuwa imeshuka uvimbe. Tumbo pia lilikuwa limeshuka. Mama aliweka beseni chini polepole. Nilijua, naye alijua.

Alikuwa mtoto wa kike. Aliishi siku mbili. Mjane yule na mkunga wa pale walifanya walichoweza, na tulikwenda kuona palipozikwa, karibu na reli, kuna jiwe na kopo la maua. Mama alichagua kitambaa kimoja kwenye beseni, kilichopasiwa vizuri, akakifukia pale kwa vidole. Vingine alimwachia mjane.

Yaya hakutulaumu. Ningependa angetulaumu. Jioni ile, tukingoja lori, alisema akiwa anatazama mikono yake:

"Nilizani munanisikia."

Alieleza kwamba mwenye foni wa Tenke alimwambia chombo hakina kasoro, Likasi inasikika vizuri kabisa, watu wa Likasi wanazungumza pale kutwa. Na barua aliyompa dereva haikuwa na jibu. Basi akajiambia kwamba nyumbani wameketi wamezunguka kabati, wanamsikia, na wameamua wasijibu. "Juu ya bwana yangu," alisema. "Tata hakukuya ku gare, kule ku treni, ile siku. Nikasema, njo vile. Balinikataa." Alipofikiri hivyo aliacha kuita. Siku iliyofuata uchungu ukamshika.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Foni ilikufa, yaya. Ilikufa kabisa." Aliitikia kwa kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wakati unaitembea huioni mwisho wake.

Tulirudi naye Panda. Baba alisimama mlangoni, akanyoosha mikono hewani mpaka alipompata, akamshika uso wote kwa viganja. Niliwafukuza wateja wote, nikaandika kwenye kipande cha kasha kwamba foni ni mbovu, nikakitundika mlangoni, ili uongo wangu upate nguo ya kuvaa. Yaya alilala chumba changu. Alikuwa ananiamkia vizuri, ananisaidia kubeba maji. Kila alipopita mbele ya kabati la vyombo hakuliangalia.

Wiki ya tatu, mchana wa Jumamosi, mama akiwa mtoni na yaya nikiamini yuko uani, niliketi chini kando ya kiti cha baba. Nilikuwa nimechoka kubeba.

"Tata," nilisema, "sikukuwa nasikiliza ku tatu. Nilikudanganya. Nilifanya siku tisa tu, kisha nikaifunga. Na yaya, nilimwandika kama anajua, na hakuna mutu alinirudilia namba."

Hakugeuka. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

"Najua," alisema.

"Unajua je?"

"Kutoka tano kwenda tatu ni tak mbili. Kurudia, tak mbili. Macho njo ilikufa, masikio hapana. Niko nakaa hapa kila siku. Nilisikia siku tisa. Siku ya kumi sikusikia."

Nilimtazama mzee yule. Nilihisi hasira, naomba niseme ukweli, hasira ya moto, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Nilimuuliza mbona basi aliniuliza kila machweo, mbona aliniacha nijibu, mbona hakusema.

"Nilisema, leo nitamuacha, eko na batoto sabini, eko na foleni. Kesho nitamwambia." Akaongeza, "Kesho na minye nilikuwa nachoka. Nikakuuliza, ukasema ulisikiliza. Nikaitika. Kuitika kulikuwa rahisi."

Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi wawili tulikaa tunayatazama. Ndipo niliposikia kitu kikiwekwa sakafuni. Yaya alikuwa kwenye mlango wa jikoni. Ndoo ilikuwa miguuni pake. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, lakini alikuwa amesikia ya kutosha, kwa kuwa alikuwa anatazama foni, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Basi haikukufa," alisema.

"Hapana, yaya."

"Na hamukukuwa munanisikia."

"Hapana."

Alivuta pumzi ndefu, akateremka akaketi kwenye kizingiti, akaanza kulia. Tangu Tenke hakuwa amelia. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, nilitaka. Lakini alipopata sauti, alisema akiwa anapangusa uso kwa kitenge:

"Minye nilizani mulinikataa. Kumbe mulikuwa munachoka."

Alilisema kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baba aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mimi nimepigwa maishani, nimetukanwa na wakubwa na wadogo, na sijasikia neno lililoniumiza kama shukrani ile.

Kesho yake nilishusha kile kipande cha kasha mlangoni. Nikakagua batri, nikafuta ule unga wa kijani, nikafungua kanali tatu kwa namba ya siri, na namba yenyewe nikawaambia mama na yaya. Kila saa nilimwondoa mtu kwenye kisemeo, nikazungusha tak mbili, nikasikiliza magunia na matusi kwa dakika kumi. Baba alikaa kwenye kiti chake, akihesabu. Nilifanya hivyo miezi miwili kamili, kama alivyosema, bila kuruka saa hata moja niliyokuwa nyumbani. Hakukuwa na mtu tena wa kutuita kutoka huko.